Hayati Jaji Earle Seaton: Wakili Aliyesimama na Wameru

Kila mwaka kijitabu chetu cha harambee hutenga kurasa chache kwa ajili ya mtu mmoja aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, ambaye maisha yake yana funzo kwa sisi watu wa Mbagala. Mwaka huu tumemchagua mtu ambaye hakuzaliwa Mbagala, wala Temeke, wala Tanzania. Tumemchagua kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa wakili wa mashauri ya madai, na shauri lililompa jina lilihusu ardhi. Kwa kuwa sehemu ya michango ya mwaka huu itakwenda kwenye mfuko wa msaada wa sheria kwa wenzetu wenye migogoro ya viwanja, tumeona inafaa wanachama wajue wakili wa aina hii hufanya nini hasa, na wananchi wa kawaida waliwahi kumtumia vipi.

Kuzaliwa na masomo

Earle Edward Seaton alizaliwa mwaka 1924 Bermuda, visiwa vidogo vilivyo katikati ya Bahari ya Atlantiki, ambavyo mpaka leo viko chini ya Uingereza. Watu weusi wa huko ni wajukuu wa watumwa. Enzi za utoto wake weusi na weupe walitengwa: shule mbalimbali, viti mbalimbali kwenye sinema, na hoteli ambazo mtu mweusi aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Kijana aliyetaka elimu ya juu ilimlazimu kuvuka bahari.

Seaton alivuka. Alisoma Marekani katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, chuo maarufu cha watu weusi. Kitivo cha sheria cha chuo hicho ndicho kilichomfundisha Thurgood Marshall na mawakili wengine waliopambana na ubaguzi kwa njia ya mahakama, shauri moja baada ya jingine, mpaka sheria zenyewe zikaanguka. Baada ya hapo Seaton alikwenda London, akasoma sheria na kusajiliwa kuwa wakili. Mwaka 1947 alimwoa Alberta Jones, Mmarekani mweusi kutoka Houston, Texas. Bibi huyu naye alikuwa msomi hodari: mwaka 1949 alipata shahada ya uzamivu ya elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Brussels, Ubelgiji, zama ambazo wanawake weusi wenye shahada hiyo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Wakili kijana mwenye vyeti vya London angeweza kubaki Uingereza au kurudi kwao. Seaton na mkewe walikuja Tanganyika, wakaweka makazi Moshi, na Seaton akaanza kazi ya uwakili.

Wakili wa Moshi

Tukumbuke Tanganyika ya wakati ule. Mawakili karibu wote walikuwa Wazungu na Waasia. Kitivo cha kwanza cha sheria kilikuja kufunguliwa hapa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 tu. Mwafrika mwenye shauri kabla ya hapo ama alijitetea mwenyewe, ama alimpa kazi mtu ambaye hakuishi kama yeye.

Moshi ulikuwa mji wa kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha KNCU kilikuwepo tangu 1933, wakulima walikuwa na fedha kidogo mfukoni, na pembeni yao walikuwepo walowezi wenye mashamba makubwa. Mahali kama hapo hapakosi mashauri ya madai: mikataba, mikopo, mirathi, mipaka ya mashamba.

Hapa tueleze kidogo, maana wengi wetu tukisikia neno wakili tunawaza mtu anayemtetea mshtakiwa asifungwe. Hiyo ni jinai. Katika madai hakuna wa kupelekwa gerezani. Swali ni nani mwenye haki na nani amlipe nani: kiwanja ni cha nani, deni limelipwa au bado, mkataba umevunjwa au la, fidia ni kiasi gani. Kazi kubwa ya wakili wa madai hufanyika kabla hajasimama mbele ya hakimu. Huwauliza wateja wake maswali mengi, mengine ya kuudhi. Hutafuta karatasi. Hupanga tarehe. Hutafuta mashahidi walioona kwa macho yao, si waliosimuliwa. Halafu hujiuliza swali ambalo wateja wengi hawalijui: ni chombo gani chenye mamlaka ya kusikiliza shauri hili? Ukikosea mlango, hata kama haki ni yako, utarudishwa.

Swali hilo la mlango ndilo lililomfanya Seaton ajulikane.

Shauri la ardhi ya Meru

Chini ya mlima Meru, upande wa kaskazini mashariki, ipo sehemu inayoitwa Engare Nanyuki. Wakati wa Mjerumani, ukanda mkubwa wa ardhi chini ya mlima ulichukuliwa na kugawiwa walowezi, na Wameru wakabaki wamebanwa kati ya mashamba hayo na msitu wa mlimani. Watu na ng'ombe waliongezeka, malisho hayakuongezeka. Katika utawala wa Mwingereza Wameru walifanikiwa kurudishiwa sehemu ndogo kwa kulipia, yakiwemo mashamba mawili ya Engare Nanyuki yaliyojulikana kwa namba zake, 31 na 328. Kwa hiyo walikaa pale wakijua wana haki mbili, ya asili na ya kununua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, tume ya serikali chini ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi ya kati ya Meru na Kilimanjaro ipangwe upya ili mashamba ya Wazungu yawe eneo moja lililoungana. Engare Nanyuki na Leguruki zilikuwa ndani ya mpango huo. Wameru walikataa. Waliahidiwa fidia na eneo jingine la Kingori, wakakataa tena, kwani Kingori kulikuwa na joto na ndorobo, na kwao hapakufaa kwa mifugo. Serikali ya Gavana Edward Twining haikusikia. Mwezi Novemba 1951 askari walifika. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa na kubomolewa, mifugo ikaswagwa. Ardhi ikakatwa mashamba 13 kwa ajili ya Wazungu.

Wameru hawakujibu kwa mikuki. Waliunda umoja wa raia wao, mmoja wa viongozi wake akiwa kijana Kirilo Japhet, wakamwendea Seaton kule Moshi.

Wakili asiye makini angekimbilia mahakama ya karibu. Lakini sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma na iko chini ya mamlaka ya Gavana. Gavana ndiye aliyewahamisha, na sheria ya nchi ndiyo iliyompa nguvu. Mlango huo ulikuwa karibu umefungwa. Ulikuwepo mlango mwingine, ambao watu wengi wa Tanganyika hawakuufahamu vizuri. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida kama Kenya. Ilikuwa nchi ya udhamini, Mwingereza akiitawala kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kwa mkataba wa mwaka 1946, na mkataba ule ulimtaka mtawala aheshimu haki na maslahi ya wenyeji katika mambo ya ardhi. Tena Katiba ya Umoja wa Mataifa iliruhusu wananchi wa nchi za udhamini kupeleka malalamiko yao moja kwa moja. Kwa lugha ya mahakamani, hapo ndipo palipokuwa na mamlaka ya kusikiliza.

Hatua iliyofuata ilihitaji fedha. Ofisi za Umoja wa Mataifa ziko New York, na nauli ya ndege kwenda Marekani haikuwa kitu cha mkulima. Wameru walichangishana, wengi wao wakiwa wamepoteza nyumba miezi michache tu kabla. Hakuna mfadhili wa nje aliyewabeba. Wanachama wanaosoma kijitabu hiki cha harambee watakielewa kitendo hicho kuliko mtu yeyote.

New York

Mwaka 1952 Seaton na Kirilo Japhet walifikisha shauri la Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Kirilo akawa Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kusimama pale na kueleza madai ya watu wake. Upande wa pili walikuwepo wawakilishi wa Uingereza, wenye wataalamu na takwimu, wakieleza kwamba mpango ule ulikuwa kwa faida ya uchumi wa nchi nzima na kwamba Wameru walitendewa kwa wema.

Kilichowapa Wameru nguvu ni mpangilio wa shauri lenyewe. Walieleza ardhi ilikuwa ya nani kabla ya Mjerumani, ilichukuliwa vipi, sehemu gani ililipiwa, nani aliulizwa na nani hakuulizwa, na siku ya kuhamishwa ilikuwaje. Kirilo alikuwa shahidi, Seaton alikuwa mpanga hoja. Mmoja bila mwenzake asingefika mbali.

Baraza la Udhamini lilionyesha masikitiko lakini halikuamuru watu warudishwe. Shauri likapanda mpaka Baraza Kuu. Mwishoni mwa 1952 Kamati ya Nne, inayoshughulikia nchi za udhamini, ilipitisha azimio la kuwaunga mkono Wameru. Lilipofika kwenye kikao cha nchi zote, azimio lilipata kura nyingi za ndiyo, ila hazikufika theluthi mbili zilizohitajika. Kwa hesabu ya kura, Wameru walishindwa.

Hatutaficha jambo hilo, na Seaton mwenyewe hakulificha. Mwaka 1967 yeye na Kirilo walitoa kitabu kuhusu shauri hilo, kilichochapishwa Nairobi, kikieleza mambo yalivyokwenda. Wateja walitumia fedha zao za shida na hawakurudishiwa ardhi kwa azimio lile. Mtu angeweza kuuliza, kulikuwa na faida gani?

Faida ilikuja kwa njia nyingine. Jambo ambalo serikali ilidhani litaishia Arusha lilijulikana duniani. Kirilo aliporudi alizunguka sehemu mbalimbali za nchi akisimulia habari za Meru, na watu wa makabila mengine wakaona kwamba yaliyompata Mmeru yanaweza kumpata Mzaramo au Mhaya. Habari hiyo ilichangia moto uliowasha TANU mwaka 1954. Mwezi Machi 1955 Julius Nyerere alipokwenda mbele ya Baraza la Udhamini, alipita kwenye mlango ambao Wameru walikuwa wameufungua. Na uhuru ulipopatikana, mashamba ya Engare Nanyuki hatimaye yalirudi mikononi mwa Wameru.

Seaton na wazee wa Dar es Salaam

Mchango wake haukuishia kaskazini. Mwanahistoria wetu Mohamed Said ameandika kwamba mwaka 1950, TAA makao makuu hapa Dar es Salaam ilipounda kamati ndogo ya siasa, yenye watu kama Abdulwahid Sykes, Sheikh Hassan bin Amir, Dk. Vedasto Kyaruzi, Hamza Mwapachu, Stephen Mhando, John Rupia na Said Chaurembo, Seaton alikuwa mmoja wa watu waliotafutwa kwa ushauri kuhusu hadhi ya Tanganyika chini ya Umoja wa Mataifa. Wazee wale hawakuwa wanasheria. Walikuwa na nia na walijua shida za watu wao. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia sheria inasemaje na mwanya uko wapi, nao wakamtafuta Moshi. Wakati huo Mbagala yetu ilikuwa bado vijiji vya mikorosho na minazi kando ya njia ya kwenda Kilwa.

Kutoka uwakili hadi ujaji

Baada ya uhuru Seaton aliitumikia Tanzania katika mambo ya sheria za kimataifa, na mwaka 1973, yeye na Sosthenes Maliti walitoa kitabu kuhusu mikataba ya Tanzania na nchi nyingine. Katika miaka ya 1960 alikuwa pia Jaji wa Mahakama Kuu, na hukumu zake zimo katika ripoti za sheria za wakati huo ambazo mawakili wanaendelea kuzitumia. Mwaka 1972 alirudi kwao Bermuda kuwa jaji wa Mahakama Kuu, mtu mweusi wa kwanza wa visiwa hivyo kufikia cheo hicho. Kijana aliyeondoka kisiwa cha viti vya kutengwa alirudi kukaa kwenye kiti ambacho kila mtu husimama kinapokaliwa. Baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Shelisheli, kisha jaji wa Mahakama ya Juu ya Uganda. Alifariki mwaka 1992.

Katika vyeo vyote hivyo, wazee wa Meru wanamkumbuka kwa kile cha kwanza, wakili wao.

Sisi wa Mbagala tunachukua nini

Wengi wetu tulinunua viwanja kwa hati ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, kuanzia Kizuiani mpaka Chamazi, Charambe mpaka Toangoma. Wengine hata hati hiyo hatunayo, tuna neno la muuzaji ambaye sasa ni marehemu na watoto wake hawatutambui. Tunajua pia yaliyotokea tarehe 29 Aprili 2009, mabomu yalipolipuka katika ghala la jeshi hapa Mbagala. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, nyumba nyingi ziliharibika, na malalamiko ya fidia yaliendelea kwa miaka. Katika mambo ya namna hiyo, swali la kwanza unaloulizwa ni lile lile alilouliza Seaton: ushahidi wako uko wapi?

La kwanza, basi, ni kutunza karatasi. Hati ya mauziano, leseni ya makazi, risiti za kodi ya ardhi, picha za ujenzi, majina ya mashahidi na majirani wa mipaka. Toa nakala, mpe mtu unayemwamini akuwekee.

La pili ni kujua mlango. Mgogoro wa ardhi huanzia baraza la kata kwa usuluhishi, na ukishindikana huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au Mahakama Kuu kwa mambo makubwa. Anayetaka kuishtaki Serikali au halmashauri lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Mirathi ina utaratibu wake mahakamani, na asiyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi hana uwezo wa kuuza kiwanja cha marehemu, hata awe mtoto wa kwanza.

La tatu ni muda. Dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Wapo wenzetu waliovumilia kwa heshima ya ujirani mpaka muda ukapita. Wameru walihamishwa Novemba 1951, na kabla mwaka wa pili haujaisha shauri lao lilikuwa limekwisha kufika New York.

La nne ni kwamba tuna nafuu ambazo Wameru hawakuwa nazo. Tangu 2017 ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayowatambua wasaidizi wa kisheria wa ngazi ya jamii na mashirika yanayowasaidia wasio na uwezo. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo mama wa Rangi Tatu anaweza kudai aelezwe shauri lake kwa lugha anayoielewa. Pamoja na nafuu hizo, bado kuna gharama: ada za kufungua shauri, nakala, nauli za mashahidi, upimaji wa kiwanja, na wakili pale jambo linapokuwa zito.

Hapo ndipo michango ya mwaka huu inapoingia. Mfuko hautamwahidi mtu ushindi, kwa kuwa hata Seaton hakuweza kuuahidi. Utahakikisha kwamba mjane au mzee wa Mbagala hapotezi kiwanja chake kwa sababu tu alikosa nauli ya shahidi au mtu wa kumwonyesha mlango. Mwenye 2,000 atoe, mwenye 200,000 atoe, mwenye taaluma ya sheria atoe saa zake chache kwa mwezi. Wahazini wetu watapokea na kutoa risiti kwa kila mchango, nanyi zitunzeni.

Mungu ailaze roho ya Jaji Earle Seaton mahali pema, pamoja na wazee wa Meru waliochangia safari ile. Amina.